Nimeandikiwa jeli ya estrojeni na kapsuli za projesteroni: je, naweza kutumia jeli peke yake?

Usingizi Haba

Habari zenu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 49, na kwa muda wa zaidi ya mwaka sasa hedhi yangu imepoteza mpangilio: inaweza kupita miezi miwili bila kuonekana, kisha ikaja nzito na kukaa siku nyingi. Hilo ningeweza kulivumilia. Lililonishinda ni joto linalonipanda ghafla kutoka kifuani hadi shingoni na usoni, pamoja na jasho la usiku linalonilazimu kuamka na kubadilisha nguo, na wakati mwingine hata shuka. Usingizi ukishakatika haurudi, na mchana ninakuwa mtu wa hasira za karibu na wa kusahausahau, jambo ambalo watu wa nyumbani walianza kuliona kabla sijalisema.

Daktari alinisikiliza vizuri. Alinipima shinikizo la damu, akauliza magonjwa yaliyomo katika ukoo wetu, akaagiza damu yangu ipimwe ili ijulikane kama nina upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo, na majibu yote mawili yalikuwa mazuri. Kisha akaniandikia jeli ya estradioli ya kupaka kila siku na kapsuli za projesteroni za kumeza usiku. Dawa ninazo ila sijazianza. Rafiki yangu ambaye naye anatumia tiba ya homoni hupaka jeli tu, hamezi kitu, na anasema daktari wake alimweleza kwamba hatari ya saratani ya matiti huletwa zaidi na hiyo homoni ya pili. Nimesoma hapa na pale nikaona kwamba hasemi uongo. Shangazi yangu, dada wa baba, aliugua saratani ya titi akiwa amepita miaka 70, kwa hiyo neno hilo likitajwa silichukulii kwa wepesi.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, ninaweza kuziacha kapsuli nikabaki na jeli? Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani kwa hesabu, maana kila ninaposoma naambiwa tu kwamba tiba hii “huongeza hatari” bila kuelezwa inaiongeza kutoka wapi hadi wapi? Na je, nikianza nitatumia kwa muda gani?

Mfamasia wa Zamu

Shikamoo mama. Nitaanza na swali la kwanza kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri: ikiwa mfuko wako wa uzazi upo, usipake jeli bila kumeza kapsuli. Kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea rafiki yako alikwisha kuondolewa mfuko wa uzazi kwa upasuaji, au amewekewa kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, ambacho hufanya kazi ile ile ya kapsuli ndani kwa ndani bila yeye kumeza chochote. Kama hana kimojawapo kati ya hivyo viwili, basi anayepaswa kurudi kwa daktari haraka ni yeye.

Sababu ni kwamba estrojeni huuchochea ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uote na kunenepa. Katika miaka ya kuzaa, projesteroni inayotolewa na kokwa la yai baada ya yai kutoka huuzuia ukuta huo usizidi kipimo, na homoni zote mbili zikishuka ukuta humomonyoka ukatoka kama hedhi. Mwanamke akipewa estrojeni peke yake mwezi hadi mwezi, ukuta huendelea kunenepa bila breki, chembechembe zake huanza kubadilika, na baadhi ya wanawake huishia kupata saratani ya mfuko wa uzazi. Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanawake wengi sana wa Marekani waliandikiwa estrojeni peke yake, na mwaka 1975 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha tafiti mbili zilizoonyesha kuwa watumiaji hao walipata saratani ya mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wasiotumia. Tangu wakati huo ndipo ikawa kanuni kwamba mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni ya mwili mzima bila dawa ya kundi la projestojeni, yaani projesteroni yenyewe au dawa za viwandani zinazofanya kazi kama yake.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naona una haki ya kulalamika, kwa sababu maneno “huongeza hatari” bila kianzio hayamwambii mtu lolote. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya 100,000 wa saratani ya matiti kutoka tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Kwa mujibu wake, wanawake 1,000 wenye uzito wa kawaida wasiotumia homoni kabisa wakifuatiliwa kuanzia umri wa miaka 50 hadi 69, takriban 63 kati yao hupata saratani ya matiti. Wakitumia estrojeni pamoja na projestojeni ya kila siku kwa miaka 5 kuanzia umri wa miaka 50, idadi hiyo hufika takriban 83. Projestojeni ikitumiwa kwa siku kadhaa tu za kila mwezi, hufika 77. Wanaotumia estrojeni peke yake hufika 68. Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi kwamba homoni ya pili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya nyongeza, na mimi niko sahihi kwamba huwezi kuikwepa. Tofauti ya watu 9 hadi 15 katika kila 1,000, ukilinganisha na estrojeni peke yake, ndiyo bei ya kuulinda mfuko wa uzazi, na kila mwanamke ana haki ya kuiona bei hiyo kabla ya kuamua.

Ipo nukta moja ambayo inaweza kukupa nafuu, ingawa sitaki uishike kama ahadi. Wengi katika takwimu hizo walitumia projestojeni za viwandani. Kapsuli ulizoandikiwa, kama ni projesteroni iliyosagwa laini, zina umbo sawasawa na la homoni ya mwili, na utafiti wa E3N wa Ufaransa, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, uliona kuwa wanaotumia estrojeni na projesteroni ya aina hiyo hawakuwa na ongezeko la kutambulika katika miaka ya mwanzo ya matumizi, tofauti na waliotumia zile nyingine. Ulikuwa utafiti wa kufuatilia, si wa kugawa dawa kwa kura, ndiyo maana madaktari waangalifu husema kuwa projesteroni hii “inaelekea kuwa” bora badala ya kuapa.

Hofu nyingi unazozisikia zinatokana na utafiti mwingine, Women's Health Initiative wa Marekani, ambao mwaka 2002 ulisimamisha sehemu yake ya homoni mbili kabla ya wakati. Wanawake waliopewa dawa walipata visa takriban 8 zaidi vya saratani ya matiti kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, pamoja na ongezeko la kiharusi na damu kuganda, huku kuvunjika nyonga na saratani ya utumbo mpana vikipungua. Magazeti yalibeba upande mmoja wa habari hiyo. Wachache walieleza kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, kwamba dawa ilikuwa kidonge cha kumeza chenye estrojeni inayotokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba pamoja na projestojeni ya kiwandani, au kwamba katika sehemu nyingine ya utafiti huo huo, ya wanawake wasio na mfuko wa uzazi waliopewa estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka. Uchambuzi wa baadaye umewafanya wataalamu wengi wakubaliane kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ya mwisho, na ambaye joto na jasho vinamsumbua, faida kwa kawaida huzidi madhara. Wewe uko ndani ya kundi hilo.

Uamuzi wa kukupa jeli badala ya kidonge nao una maana. Estrojeni inayomezwa hupita kwanza kwenye ini, nalo likichochewa huzalisha vitu vinavyogandisha damu kwa wingi zaidi. Inayopita kwenye ngozi, iwe jeli au plasta, huingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu, na tafiti za ufuatiliaji hazijaona ongezeko la damu kuganda kwa wanaotumia kiasi cha kawaida cha dawa.

Kuhusu muda, hakuna mstari uliochorwa kwamba mwisho ni miaka 5. Hukaguliwa kila mwaka: je, dalili bado zipo, kuna ugonjwa mpya, kipimo cha dawa kinaweza kupunguzwa? Ukitaka kuacha unaweza kupunguza taratibu au kuacha mara moja. Kupunguza taratibu hufanya joto lisirudi kwa kishindo katika wiki za mwanzo, lakini baada ya miezi michache njia zote mbili hufikia pale pale. Kapsuli meza wakati wa kulala, kwa sababu huleta usingizi, jambo ambalo kwako si dhara. Na usome karatasi ya ndani ya pakiti: baadhi ya kapsuli hizi zina mafuta ya karanga au lesithini ya soya, na mwenye mzio wa vitu hivyo anapaswa kusema mapema.

Jani la Mwisho

Dada yangu, mimi nakuandikia kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sababu homoni nimekatazwa. Nilitibiwa saratani ya titi iliyokuwa inalishwa na estrojeni, nami ninameza tamoksifeni, dawa ya kuizuia saratani hiyo isirudi, ambayo yenyewe huleta joto la ghafla kana kwamba lile la umri halikutosha. Sikuandikii ili kukutisha. Hesabu alizotoa mfamasia ni za kweli na uamuzi ni wako; nataka tu ujue kwamba ukiamua kutotumia homoni, hujaachwa mikono mitupu, na daktari anayekuambia kwamba lazima uchague kati ya homoni na mateso hajakueleza yote.

Kuna dawa za kutibu sonona ambazo kwa kipimo kidogo hupunguza joto la ghafla hata kwa mtu asiye na sonona. Paroksetini kwa kipimo cha miligramu 7.5 iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa kazi hiyo hasa. Mimi sikupewa hiyo, kwa sababu huzuia kimeng'enya cha ini kinachoibadilisha tamoksifeni iwe na nguvu yake kamili. Nilipewa venlafaksini, na kila aliye kwenye tamoksifeni anapaswa kuuliza swali hilo kabla ya kupokea dawa ya kundi hili. Gabapentini, dawa ya kifafa, nayo husaidia, hasa kwa wale ambao jasho lao ni la usiku, kwa kuwa husababisha usingizi. Miongoni mwa zilizo mpya ni fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Mei 2023. Hiyo haigusi homoni kabisa: hukifunga kipokezi katika sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili, ambayo estrojeni ikipungua huwa nyepesi kushtuka na kuamuru mwili utoe jasho bila sababu. Wanaoitumia hupimwa ini mara kwa mara, kwa sababu imeonekana kuwadhuru wachache.

Tiba ya mazungumzo, ile ya kubadili fikra na mwenendo, niliidharau kwa muda mrefu. Haikupunguza sana idadi ya mara ninazopatwa na joto, lakini ilipunguza hofu yangu ya kupatwa nalo mbele za watu, nayo hofu hiyo ilikuwa nusu ya ugonjwa.

Jambo moja ambalo wanawake hulinyamazia nitalisema mimi. Joto la ghafla kwa wengi hupungua miaka inavyokwenda. Ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa na maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia havipungui, bali huzidi kama havikutibiwa. Kwa hayo ipo krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni, kwa kipimo kidogo mno kinachobaki pale pale, na kwa sababu hiyo hakihitaji projesteroni ya kukisindikiza. Hata kwa sisi tuliougua saratani, madaktari hukubali kulizungumza baada ya njia zisizo na homoni kushindwa.

Mama Mkubwa

Nimesoma yote kwa makini, na nisameheni ikiwa nitaonekana mtu wa zamani. Kukoma hedhi si ugonjwa. Mama zetu na bibi zetu walipita hapo bila jeli wala kapsuli, wakalea wajukuu, wakazeeka kwa heshima. Mimi mwenyewe nilipatwa na joto kwa muda, nikavaa nguo nyepesi, nikapunguza kahawa, nikawa natembea kila asubuhi, likaisha. Ninachoogopa ni kwamba tunafundishwa kuiona kila hatua ya maisha ya mwanamke kuwa ni upungufu unaohitaji kununuliwa dawa, na kwamba miaka 20 ijayo tutaambiwa tena, kama mlivyoeleza kuhusu mwaka 1975, kwamba tulichopewa kilikuwa na madhara ambayo hayakujulikana. Zipo pia dawa za mimea na virutubisho vya soya ambavyo wanawake wengi huvisifu. Kwa nini mtu asianze na vya asili kwanza?

Muuguzi Mstaafu

Mama Mkubwa, heshima yako. Kwamba kukoma hedhi si ugonjwa, hilo sina ubishi nalo, na wanawake wengi hupita kama ulivyopita wewe. Kujifungua nako si ugonjwa, lakini hatumwachi mama apasuke na avuje damu kwa sababu bibi yake alijifungua bila mkunga. Swali ni kiasi cha mateso, na kiasi hicho hakigawanywi sawasawa. Utafiti wa SWAN wa Marekani, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, uliona kwamba kwa wale wanaopatwa na joto mara kwa mara, nusu yao hubaki nalo kwa zaidi ya miaka 7.4. Mwanamke anayekosa usingizi kwa muda huo hawezi kuambiwa avae nguo nyepesi. Na yupo pia yule ambaye hedhi yake inakoma kabla ya miaka 40: huyo hupewa homoni si kwa ajili ya joto tu, bali kwa ajili ya mifupa na moyo wake, na kwa kawaida huendelea nazo hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani karibu miaka 51.

Kuhusu mimea na soya, zimejaribiwa zikilinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani, na matokeo yamekuwa ya kupishana, mengi yakionyesha tofauti ndogo au kutokuwapo kwa tofauti. Kuwa cha asili hakukifanyi kitu kiwe salama kwa ini, wala hakukifanyi kisigongane na dawa nyingine anazomeza mtu. Kutembea kwako asubuhi nakuunga mkono kwa mikono miwili, ingawa faida yake kubwa iko kwenye mifupa, moyo na usingizi kuliko kwenye joto lenyewe.

Sasa nirudi kwako wewe uliyeuliza, kwa sababu kuna sentensi moja katika maelezo yako ambayo imepitwa haraka mno. Umesema hedhi ikija huwa nzito na hukaa siku nyingi. Katika umri wako hilo mara nyingi ni matokeo ya yai kutopevuka kila mwezi, lakini linaweza pia kuwa uvimbe wa fibroidi, kinyama ndani ya mfuko wa uzazi, au ukuta ambao tayari umenenepa kupita kiasi. Kutokwa damu ambako hakujajulikana chanzo chake ni moja ya sababu za kutoanza tiba ya homoni hadi uchunguzi ufanyike, sambamba na saratani ya titi, damu iliyoganda, kiharusi au shambulio la moyo la karibuni, na ugonjwa wa ini unaoendelea. Je, daktari analijua hili, na aliagiza kipimo chochote?

La pili: bado unapata hedhi, kwa hiyo bado unaweza kushika mimba, na jeli pamoja na kapsuli hizo si kinga ya uzazi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuendelea na kinga kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho ikiwa ilikoma kabla ya miaka 50, au mwaka 1 ikiwa ilikoma baada ya hapo. Kwa mwenye hedhi nzito, kitanzi cha levonojestreli alichokitaja mfamasia hufanya kazi tatu kwa pamoja: hupunguza damu, huzuia mimba, na hushika nafasi ya kapsuli katika kuulinda mfuko wa uzazi. Mimi ningemwuliza daktari kwa nini hakukitaja.

Kuhusu shangazi, ndugu wa mbali kidogo aliyeugua uzeeni peke yake hubadilisha hatari yako kwa kiasi kidogo tu. Hesabu hubadilika zaidi akiwa ni mama, dada au binti, akiwa aliugua kabla ya miaka 50, au wakiwa wengi upande mmoja wa ukoo, hasa kama kuna na saratani ya kokwa za mayai. Na kama kuna mtu atakushauri ukapime kiwango cha homoni kwenye damu au mate ili kuthibitisha, usitoe fedha zako: kwa mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili kama zako, homoni hizo hupanda na kushuka siku hadi siku kiasi kwamba kipimo cha leo hakisemi lolote kuhusu kesho, na daktari wako alifanya vyema kutokiagiza.

Usingizi Haba

Ninawashukuru wote, na Mama Mkubwa pia, maana hofu yake ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Nimemuuliza rafiki yangu: aliondolewa mfuko wa uzazi zamani kwa ajili ya fibroidi, wala hakudhani kwamba hilo lina uhusiano wowote na dawa zake. Kuhusu damu, daktari aliniandikia altrasaundi ambayo bado sijaifanya kwa kuwa nafasi ilikuwa ya wiki zijazo, na mimi niliichukulia kuwa ni jambo la kando lisilohusiana na homoni. Je, nianze dawa sasa au nisubiri majibu? Na swali la mwisho: tangu ujana nina kipandauso ambacho huanza kwa kuona vimulimuli machoni. Nilipokuwa kijana nilikatazwa vidonge vya uzazi wa mpango kwa sababu hiyo. Je, katazo hilo linahusu na jeli?

Muuguzi Mstaafu

Subiri majibu. Wiki chache hazitakupunguzia faida ya tiba, na ukianza sasa kisha damu ikatoka, hakuna atakayejua kama inatokana na dawa au na kile kilichokuwapo kabla. Ukuta ukionekana mnene, au maelezo ya damu yasipojitosheleza, wanaweza kuchukua kipande kidogo cha ukuta kwa uchunguzi. Hukera kwa dakika chache lakini hufunga mjadala. Baada ya kuanza, matone ya damu yasiyo na ratiba katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza ni ya kawaida. Yakizidi hapo, au yakianza upya baada ya kukoma, rudi ukaangaliwe, na kama siku moja utakuwa umekaa mwaka mzima bila hedhi kisha ukaona damu, usisubiri hata kama ni tone moja.

Mfamasia wa Zamu

Kuhusu kipandauso, vidonge vya uzazi wa mpango ulivyokatazwa vina estrojeni yenye nguvu zaidi, na vikimezwa na mtu anayeona vimulimuli huongeza hatari ya kiharusi. Jeli na plasta ni jambo tofauti: kipimo chake ni kidogo, hakipiti kwenye ini, na kipandauso cha aina hiyo hakihesabiwi kuwa kizuizi. Mweleze daktari hata hivyo, kwa sababu ataanza na kipimo cha chini na kukipandisha polepole, maana homoni zinazoyumba ndizo zinazochokoza kichwa, na jeli inayopakwa saa ile ile kila siku huyumba kidogo kuliko kokwa zako za mayai zinavyoyumba sasa. Vimulimuli vikianza kuja mara nyingi zaidi kuliko mazoea yako, acha jeli na umwone daktari.

Siku utakapoanza, paka kwenye ngozi kavu na safi ya mkono wa juu au paja, usipake kwenye matiti, uisambaze eneo kubwa badala ya kuisugua sana, na uiache ikauke kabla ya kuvaa. Nawa mikono mara moja, na kwa muda wa saa nzima usimruhusu mtoto au mtu mwingine aguse ngozi hiyo, wala usiioshe. Usipoona mabadiliko katika wiki ya kwanza usiongeze kipimo. Joto hupungua taratibu, na athari kamili huchukua hadi miezi 3, ndiyo maana miadi ya kwanza ya kurudi hupangwa wakati huo.